Sambaza wa Ziwa Kivu: Somo la Wastaafu kwa Vijana



Kila mwanafunzi wa Kigali anamjua sambaza. Amemwona sokoni amelundikwa katika beseni, aking'aa kama fedha. Au amemla jioni, amekaangwa mzima mzima, kichwa, mifupa na mkia. Lakini ukimwuliza mwanafunzi huyo, "Sambaza hutoka wapi?" atakujibu upesi, "Ziwa Kivu." Mwulize tena, "Na Kivu alifikaje?" Hapo wengi hunyamaza. Maana sambaza si mwenyeji wa ziwa lile. Ni mgeni, na tangu alipoletwa haijatimia hata miaka mia. Jinsi alivyofika, jinsi anavyovuliwa, na jinsi anavyoweza kutupotea, ndiyo habari tunayotaka kuwapeni katika ukurasa huu wa Kiswahili.

Habari hizi hatukuzipata vitabuni peke yake. Sisi ni wanafunzi wa zamani kumi na wanne, sote wastaafu. Miongoni mwetu wamo waliokuwa walimu, wauguzi, makarani wa serikali, fundi mmoja wa umeme, na mwenzetu mmoja aliyefanya kazi miaka mingi ya kupokea mizigo bandarini Mombasa. Tumepatana ya kuwa kila mwaka tutafanya safari moja, si ya kutembea tu, bali ya kujifunza kazi moja inayolisha watu. Mwaka huu tulichagua uvuvi wa sambaza, tukaenda mwezi wa Julai, kabla ziwa halijafungwa, katika juma la giza ambalo mwezi hauonekani. Sababu ya kuchagua giza mtaijua hivi punde.

NJIA YA KWENDA

Tuliondoka Nyabugogo alfajiri kwa basi. Kutoka Kigali hadi Karongi, mji uliojulikana zamani kwa jina la Kibuye, ni kama kilomita 130. Njia huvuka mto Nyabarongo, hupita Muhanga, kisha hupanda milima mirefu ya magharibi. Mgongo wa milima hiyo ni mpaka wa maji. Mvua inayonyesha upande wa mashariki huteremka hadi Nyabarongo, hufika Akagera na Ziwa Viktoria, na mwisho hutoka na Nile katika bahari ya Mediterania. Mvua ya upande wa magharibi huingia Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, hufuata mto Lukuga hadi Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache tu mbalimbali huachana hivyo, yasionane tena. Mwenye kujifunza jiografia na asimame pale juu mara moja; hatasahau.

ZIWA LENYE GHOROFA MBILI

Ziwa Kivu liko juu sana, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Kina chake mahali penye kina kirefu kabisa ni karibu mita 485. Zaidi ya nusu ya maji yake iko upande wa Kongo, na sehemu iliyobaki ni ya Rwanda.

Wazee husema kuwa ziwa ni bakuli la maji. Maneno hayo ni kweli kwa maziwa mengi, lakini Kivu lafaa kufananishwa na nyumba ya ghorofa mbili. Ghorofa ya juu ni maji yenye oksijeni, ambamo samaki huweza kupumua. Ghorofa hiyo haizidi mita 60 au 70 kwenda chini, na wakati wa masika huwa fupi kuliko hapo. Chini yake ndiko kuliko maji mengi zaidi, lakini hayana oksijeni hata kidogo. Yamejaa chumvi na gesi, nayo ni mazito; kwa hiyo hayapandi juu kuchanganyika na wenzake. Gesi zenyewe ni kabonidioksidi na methani. Hiyo methani ndiyo inayowaka: tangu 1963 ilianza kutolewa kidogo kidogo karibu na Gisenyi kwa matumizi ya kiwanda cha bia, na siku hizi kiko kituo cha KivuWatt karibu na Karongi kinachoitumia kutengeneza umeme wa megawati 26.

Kwa samaki, basi, ziwa hilo kubwa ni sebule tu. Vyumba vya chini vimefungwa. Tena shida haiishi hapo. Kila kinachokufa juu huzama, na mbolea yake huzama pamoja nacho ikabaki chini. Ndiyo sababu maji ya juu si yenye rutuba nyingi. Lakini ukifika wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Septemba, pepo huvuma kwa nguvu, maji ya juu hupoa na kuchanganyika, na mbolea kidogo hupanda kutoka chini ya sebule ile. Hapo mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho huota majini kwa wingi. Vidudu vidogo huila mimea hiyo. Na samaki huvila vidudu. Mnyororo huo wote hutegemea upepo wa miezi michache.

MGENI KUTOKA TANGANYIKA

Zamani Kivu lilikuwa na samaki wa aina chache. Hata leo aina zote hazifiki 30, na hiyo ni kidogo sana kwa ziwa kubwa katika Afrika. Sababu yake ni volkano. Maelfu ya miaka iliyopita, lava ya milima ya Virunga iliziba njia ya kaskazini ambayo maji yalikuwa yakipita kwenda upande wa Nile. Maji yakajaa, yakatafuta njia mpya kusini, ndiyo mto Ruzizi. Lakini Ruzizi huteremka kwa kishindo katika magenge na miporomoko, kutoka mita 1,460 hadi kama mita 770 penye Ziwa Tanganyika. Samaki wa Tanganyika hawezi kuipanda ngazi ile.

Samaki wenyeji wa Kivu, kama tilapia na jamaa zake wadogo, walipenda kukaa karibu na pwani. Katikati ya ziwa, mahali penye vidudu vingi vya kuliwa, hapakuwa na samaki wa kuvila. Ilikuwa kama shamba lenye majani mengi lisilo na ng'ombe hata mmoja.

Jambo hilo liliwaingia akilini wataalamu wa wakati wa utawala wa Wabelgiji. Kati ya 1958 na 1960 vitoto vya dagaa vilichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika vikaletwa Kivu na kutiwa majini. Walioletwa walikuwa wa aina mbili. Aina ya kwanza, ambayo wataalamu huiita Stolothrissa, haikudumu. Aina ya pili, Limnothrissa miodon, ilidumu, ikazaa, ikaenea ziwa zima. Ndiye huyu ambaye kwa Kinyarwanda tunamwita isambaza. Ni wa jamaa ya sadini wa baharini. Urefu wake kwa kawaida ni kama wa kidole cha mkono au kuzidi kidogo.

Samaki huyu huyu alichukuliwa tena kutoka Tanganyika mwaka 1967 na 1968, akapelekwa Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko huitwa kapenta, na biashara yake ni kubwa.

Lakini msije mkadhani ya kuwa kila mgeni wa majini huleta heri. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria. Alileta fedha nyingi na viwanda, kweli; lakini ni samaki mkubwa mwenye kula wenzake, na mamia ya aina za furu, wenyeji wa ziwa lile, zilipungua sana au kutoweka kabisa. Sambaza alikuwa na bahati, nasi pia, kwa sababu alikuta meza tupu. Hata hivyo naye alipunguza vidudu vya Kivu, na aina moja ya vidudu vikubwa ilitoweka baada ya kuja kwake. Mwenye kuingiza kiumbe kigeni katika maji hawezi kusema, "Nimeghairi," akamtoa tena. Kwa hiyo na afikiri sana kwanza.

KAZI YA USIKU

Samaki alikuwapo tangu mwaka 1960, lakini kumvua lilikuwa neno jingine. Sambaza hukaa mbali na pwani, mchana huzama chini kidogo katika makundi, usiku hupanda juu. Nyavu za pwani hazikumpata vema. Ujuzi wa kumvua kwa taa na wavu wa kuinua, ambao ulikuwa umezoeleka Ziwa Tanganyika, ulienea kwa wavuvi wa Rwanda hasa katika miaka ya 1980, kwa msaada wa shirika la FAO la Umoja wa Mataifa.

Chombo chenyewe ni cha ajabu kwa mtu asiyekiona. Si mtumbwi mmoja, bali ni mitumbwi mitatu iliyopangwa sambamba, ikafungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi. Miti hiyo hujitokeza mbele na nyuma kama pembe, na kamba za wavu hufungwa humo. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta zenye kuvuma. Siku hizi wengi hutumia taa za betri, na nyingine betri zake hujazwa kwa nguvu za jua.

Tuliona mitumbwi ikiondoka jioni, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Katika kila chombo kulikuwa na watu kumi hivi au zaidi, nao walipiga makasia wakiimba. Mmoja huanza, wengine hupokea. Mwenzetu aliyekuwa mwalimu wa muziki alitueleza ya kuwa wimbo ule si mapambo: ndio unaoshika mapigo ya makasia, yasipishane. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja haiwezi kwenda sawa ikiwa kila mtu anapiga kasia kwa wakati wake.

Wakifika mahali wanapopataka, huteremsha wavu chini na kuwasha taa juu yake. Mwanga huvuta vidudu, na samaki hufuata chakula na mwanga. Wavuvi hungoja. Kisha hupunguza purukushani, huinua wavu kutoka pande zote kwa pamoja, na sambaza hubaki katikati kama nafaka katika ungo. Hufanya hivyo mara kadhaa mpaka alfajiri. Sasa mwaelewa kwa nini tulichagua juma la giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima huwa na nuru, samaki hutawanyika, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Siku hizo wengi hupumzika na kushona nyavu.

ASUBUHI MWALONI

Mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia. Kulipopambazuka, tulikuta akina mama wamekwisha kupanga mabeseni, mizani iko tayari, na karani wa chama cha ushirika ameketi na daftari lake. Samaki hupimwa, huandikwa, hugawanywa. Fungu moja ni la mwenye mitumbwi na nyavu, fungu jingine ni la wavuvi, na kidogo huingia katika mfuko wa ushirika.

Hapo saa ndiyo bwana mkubwa. Sambaza akitoka majini huanza kuharibika upesi, kwa kuwa ni mdogo, na joto humpenya mara moja. Kwa hiyo njia ni tatu: kuuzwa mbichi asubuhi ile ile, au kutiwa barafu asafirishwe, au kukaushwa. Samaki mbichi ni maji karibu robo tatu ya uzito wake. Ukianika kilo nne, utavuna kilo moja na kitu ya samaki mkavu, naye huweza kukaa majuma mengi. Wanaoanika vizuri hutumia chanja za waya au za miti zilizoinuliwa kutoka chini, hewa ikapita juu na chini, na mchanga usiingie. Wanaoanika chini huuza sambaza mwenye mchanga, na mteja wa Kigali akisikia mchanga mdomoni mara moja, harudi. Wakati wa mvua kazi hii huwa ngumu, na samaki wengi huharibika ambao wangeliweza kuliwa.

Mwenzetu mwuguzi alitukumbusha jambo moja la afya. Kwa kuwa sambaza huliwa pamoja na mifupa yake, humpa mlaji madini ya kalsiamu, ambayo minofu ya samaki mkubwa haina kwa kiasi hicho. Mtoto anayekua, na mama mwenye mimba, wakipata kiganja cha sambaza pamoja na maharage na mboga, wamekula vema, wala hawakutumia fedha nyingi.

MTAJI NA FAIDA

Sasa twafika kwenye shina la somo letu.

Samaki wangapi wako ziwani? Hakuna awezaye kuwahesabu mmoja mmoja, lakini wataalamu wana chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa makundi ya samaki. Vipimo vilivyofanywa mwaka 2008 vilionyesha ya kuwa sambaza wote wa Kivu kwa wakati mmoja ni tani elfu chache tu, yapata sawa na vipimo vya miaka ya 1980. Habari hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni furaha: kwa miaka yote ile ya kuvuliwa, samaki hawakuwa wamekwisha. Upande wa pili ni onyo: ghala si kubwa kama tulivyodhani, na walaji wanaongezeka.

Inawezekanaje samaki wachache walishe watu wengi mwaka baada ya mwaka? Ni kwa sababu sambaza hukua upesi na huzaa kabla hajamaliza mwaka wake wa kwanza. Wanaovuliwa hupata warithi haraka. Lakini warithi hupatikana kwa sharti moja tu: wazazi wasivuliwe wote, na watoto wasivuliwe kabla hawajakua.

Mnyarwanda ataelewa jambo hili upesi kwa mfano wa ng'ombe. Mwenye ng'ombe hunywa maziwa, hali ng'ombe. Siku atakayokula ng'ombe atashiba nyama juma moja, kisha hatakuwa na nyama wala maziwa. Sisi wastaafu tuna mfano mwingine. Mtu aliyeweka akiba kwa ajili ya uzee wake hujua tofauti ya mtaji na faida. Faida ni ya kutumia. Mtaji ni wa kulinda, hata siku ambayo mfuko unapiga kelele.

Ndiyo maana kila mwaka uvuvi wa sambaza upande wa Rwanda husimamishwa kwa muda, kwa kawaida miezi miwili, na mara nyingi huanza mwezi wa Agosti. Katika muda huo vitoto vya samaki, ambavyo hupenda kukaa karibu na pwani, hupata nafasi ya kukua. Na ndiyo maana ni kosa kuvua kwa nyavu za matundu madogo kupita kiasi, na zaidi kwa vyandarua vya mbu, ambavyo watu wetu huviita supaneti. Chandarua hakichagui. Huokota pwani kila kilichomo, mpaka kitoto kisichotosha hata kijiko. Tena chandarua hicho kilitolewa kimlinde mtoto na malaria. Kikienda ziwani, mtoto hulala bila ulinzi, na kesho hana samaki.

TUMBO HALIPUMZIKI

Tulipokuwa tukiyasema hayo mwaloni, tukijiona wenye hekima, mama mmoja mchuuzi wa samaki alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Wazee wangu, nyinyi mmesema kweli, samaki anapumzika. Lakini tumbo halipumziki. Ziwa likifungwa, watoto wangu wanakula nini?"

Mmoja wetu akamwuliza, "Mama, je, wewe wataka ziwa lisifungwe?"

Akajibu, "Hapana, mzee. Nimeona mwenyewe: likifunguliwa, samaki huwa wakubwa na bei huwa nzuri. Nataka lifungwe. Lakini nataka lifungwe na kwa jirani yangu pia. Mimi nikikaa njaa miezi miwili, naye akivua kwa chandarua usiku, amekula mtaji wangu."

Hapo mvuvi mzee aliyekuwa akishona wavu akainua uso, akasema, "Na nyumbani tuweke akiba, mwanangu. Ziwa hatufungiwi ghafla. Kila mwaka twajua linakuja."

Kwa maneno machache watu hao wawili walitoa somo zima. Ulinzi wa ziwa hauwezi kusimama kwa mguu mmoja. Lazima sheria imfikie kila mtu sawasawa, maana mwizi mmoja huwavunja moyo wenye subira kumi. Na lazima mvuvi awe na njia ya kuishi katika miezi ya kufungwa. La sivyo, sheria nzuri humfanya mtu mwema kuwa mwizi kwa njaa.

Mwenzetu aliyekuwa mwalimu wa hesabu akachukua kijiti, akaandika mchangani. Mvuvi anafanya kazi miezi 10, lakini anakula miezi 12. Aweke kiasi gani? Tuseme kwa mfano anapata faranga 60,000 kila mwezi wa kazi. Akiweka 10,000, yaani sehemu moja ya sita, atabaki na 50,000 za kutumia. Baada ya miezi 10 akiba yake ni 100,000. Miezi miwili ya kufungwa atakuwa na 50,000 na 50,000, sawa kabisa na miezi mingine. Sehemu moja ya sita, basi. Akipata mia sita, mia moja ni ya Septemba. Karani wa ushirika aliinakili hesabu ile katika daftari lake, nasi tukafurahi kuona ya kuwa ubao wa mchanga bado unafundisha.

Twajua pia ya kuwa si kila mvuvi huweza kuweka. Usiku mwingine wavu hutoka mtupu, na mwenye kupata kidogo hana cha kugawa mara sita. Kwa ajili hiyo ushirika ni bora kuliko mtu mmoja mmoja: fungu dogo likikatwa kwenye mizani kila asubuhi ya mavuno mema, kabla fedha haijafika mkononi, halisikiki sana, na haba na haba hujaza kibaba.

JAMBO LILILO SAWA KATIKA PWANI NA ZIWA

Katika kurudi, yule mwenzetu wa Mombasa alitueleza habari za kaa wa mikoko katika pwani ya Kenya na Tanzania. Kaa hana mfupa wa ndani. Gamba lake ndilo mfupa wake. Akitaka kukua hulivua, akabaki laini mpaka gamba jipya liwe gumu. Kaa aliyetoka kujivua gamba huonekana mkubwa, lakini ndani ana maji mengi na nyama chache, na bei yake ni ya chini. Basi baadhi ya vikundi vya pwani hawamwuzi siku ile. Humtia katika kizimba kilichowekwa penye maji ya mikoko, humlisha mabaki ya samaki majuma machache, akajaa nyama, ndipo humwuza kwa bei njema. Na mahali mikoko ilipokatwa hovyo, kaa naye huadimika, kwa kuwa amevunjiwa nyumba.

Kaa na sambaza hawafanani hata kidogo. Mmoja ni wa maji ya chumvi, mmoja ni wa maji ya mlimani. Lakini kanuni ni moja. Mwenye subira ya majuma machache huuza kaa aliyejaa. Mwenye haraka huuza gamba. Mwenye subira ya miezi miwili huvua sambaza mzima. Mwenye haraka huvua mbegu.

Enyi vijana, baadhi yenu mtakuwa wataalamu wa maji, wengine wanasheria, wengine wafanyabiashara wa Kigali wenye magari ya barafu. Ziwa lina kazi kwa kila mmoja. Anatakiwa mtu wa kupima samaki kila mwaka. Anatakiwa mtu wa kutengeneza chanja na vikaushio vya kufaa wakati wa mvua. Anatakiwa mtu wa kufanya mapatano na jirani zetu, maana ziwa ni moja na samaki hana pasi ya kusafiria. Upande mmoja ukilinda na wa pili usilinde, kazi ni bure. Na hata asiyefanya lolote katika hayo ana jambo moja la kufanya sokoni: asinunue vitoto vya sambaza, hata akiuziwa kwa bei rahisi. Bila mnunuzi, chandarua kitarudi kitandani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini samaki wa Kivu hawawezi kuishi chini ya mita 70?

2. Pepo za kiangazi zinamsaidiaje mvuvi wa sambaza?

3. Kwa nini dagaa wa Tanganyika hawakuweza kupanda wenyewe mpaka Kivu?

4. Linganisha kuletwa kwa sambaza katika Kivu na kuletwa kwa sangara katika Ziwa Viktoria. Yako wapi yaliyo sawa, na yako wapi yaliyo mbalimbali?

5. Kama ziwa lingefungwa miezi mitatu kwa mwaka badala ya miwili, mvuvi angepaswa kuweka sehemu gani ya mapato yake ya kila mwezi wa kazi? Onyesha hesabu yako.

6. Jadilianeni darasani: "Ni haki kumkataza mvuvi maskini asivue kwa miezi miwili." Upande mmoja ukubali, upande wa pili ukatae. Kila upande na ukumbuke maneno ya yule mama wa mwaloni.